Nyama ya Maji ya Barafu

Tarehe kumi na tatu ya mwezi wa nane, siku ya Obon, siku ambayo wafu hurudi kwao, Bi Sumie alimtuma mkaza mwanawe akanunue nyama ya nguruwe.

Chizuru alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati jeusi la mababu, anachomeka vijiti kwenye tango ili liwe farasi wa kuwaleta wafu. Kijiti cha nne kilimponyoka kikaviringika chini ya meza. Hakukifuata. Aligeuza shingo tu akamtazama mama mkwe wake, aliyesimama mlangoni na aproni mkononi kama mtu aliyetaja jambo la kawaida kabisa.

"Ya mgongoni," Bi Sumie aliongeza. "Yenye ukanda wa mafuta. Gramu mia nne. Mwambie Nezu aikate nyembamba, ile ya kuonyesha mwanga."

Sasa, ili uelewe jinsi Chizuru alivyoshtuka, lazima uijue nyumba ile. Siku za Obon haikuingia nyama, haikuingia samaki, hata supu ilipikwa kwa mwani na uyoga mkavu, maana wafu hawapokelewi kwa kitu kilichochinjwa. Mwaka mmoja Morio, mtoto pekee wa Bi Sumie, mwanamume wa miaka arobaini na mwenye mvi zake, alirudi kazini na mkate wenye soseji ndani. Mama yake alimjia juu. Alimfanya aule akiwa amesimama nje ya geti, jua la mji wa Kofu likimchoma utosi, na majirani wakipita wanamsalimia.

Na mwaka huu ulikuwa mzito kuliko yote, kwa sababu mfu aliyesubiriwa ni huyo huyo Morio. Moyo ulimsimama mwezi wa pili, kwenye maegesho ya magari ya kazini kwake, funguo zikiwa mkononi. Hii ilikuwa Obon yake ya kwanza. Taa nyeupe ya karatasi ilishatundikwa barazani, ile inayowekwa kwa mgeni asiyeizoea njia.

Chizuru alichukua mkoba wake, akavaa kofia, akatoka. Hakuuliza kitu. Kwa miaka thelathini na moja ndani ya nyumba ile alikuwa amejifunza kutouliza.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo halikumpa ujasiri wa kuuliza. Kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya kufutia vyombo, alikuwa ameficha fomu ya manispaa. Ni fomu ya ukurasa mmoja tu. Mjane anaandika jina lake, anagonga muhuri wake wa jina, anaipeleka dirishani, na kuanzia hapo yeye si ndugu tena wa wazazi wa mumewe. Wakwe hawaitwi, hawaulizwi. Jina alishaliandika. Muhuri alikuwa bado. Alijipangia kuwasindikiza wafu tarehe kumi na sita kama mke mwema, kisha tarehe kumi na saba agonge muhuri na kupanda treni kwenda Numazu, mji wake wa bandari, ambako dada yake alishamtengea chumba cha juu.

Si kwamba Bi Sumie alimtesa. Hakuwahi kumpigia kelele. Tatizo lilikuwa maneno mawili. Jioni baada ya jioni mama mkwe alionja chakula cha Chizuru, akaweka vijiti vyake chini, akasema, "Si mbaya." Morio alipokuwa hai alikuwa akimtupia mkewe jicho la kumchekesha, na yale maneno yakapita. Sasa yalibaki mezani na wao wawili. Mungu hakuwajalia mtoto, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kumtupia jicho.

Na baya zaidi katika hayo "si mbaya" lilikuwa la reishabu.

Kiangazi cha Kofu ni cha joto la kuziba pumzi. Milima imeuzunguka mji kama ukingo wa sufuria na sisi tuko ndani tunatokota. Basi watu wanakula baridi. Nyama nyembamba ya nguruwe inapitishwa kwenye maji ya moto, inapoozwa, inalazwa juu ya figili nyeupe na matango, inamwagiwa sosi ya ufuta. Hiyo ndiyo reishabu, chakula Morio alichokipenda kuliko vyote. Kiangazi chake cha kwanza, Chizuru akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na sita, Bi Sumie alimfundisha mwenyewe, na yeye akaandika kwenye daftari: maji yachemke kwa nguvu, nyama iingie, hesabu ishirini, itoe, itumbukize kwenye maji ya barafu, ikamue.

Alifanya hivyo hivyo kila kiangazi. Na kila kiangazi nyama ilitoka ngumu, na mafuta yake meupe yakaganda juu ya kaakaa kama nta ya mshumaa. Morio alitafuna, akashushia na bia, akashukuru.

Lakini mara moja kwa mwaka, tarehe mbili ya mwezi wa nane, siku ya kuzaliwa kwa Morio, Bi Sumie alifunga mlango wa jikoni akapika yake. Hiyo ilikuwa laini hata haikuhitaji meno. Chizuru alidhani anafunga mlango ili kuficha siri ya sosi. Mashangazi wa Morio waliokuja kula walikuwa na jibu lao: ni mkono. Mkono wa Sumie ni mwepesi. Mkono wa mkaza mwana ni mzito, watu wa bandarini hao, wamezoea kupiga ngisi. Walisema wakicheka, naye akicheka nao, na usiku anaiangalia mikono yake.

Mzee Nezu wa buchani aliposikia gramu mia nne, tena leo, alisimamisha mashine. Akauliza kama kuna mgonjwa. Chizuru akajibu kwamba yeye katumwa tu. Alipotoka aliizika ile nyama chini ya kabisa ya mkoba, juu yake akapanga vitunguu vya majani, na vilitoka nje kama bendera ya uongo. Njiani alikutana na jirani, Bi Obata, aliyetaka kujua kama vyakula vya wafu vimeiva. Chizuru akasema matango tayari. Jasho lililomtoka hapo halikuwa la jua peke yake.

Akili yake ilikuwa inazunguka sehemu moja. Mama amechanganyikiwa. Miaka themanini na minne, mtoto pekee amekufa, akili imemruka. Na kama akili imemruka, tarehe kumi na saba itakuwaje? Nani atamwacha kikongwe wa hivyo na jiko la gesi? Alijiona treni inaondoka bila yeye, akajichukia kwa kuwaza treni, akaongeza mwendo.

Jikoni alimkuta Bi Sumie ameketi kwenye kigoda, kinu cha udongo kati ya magoti, anasaga ufuta. Harufu ilijaa nyumba nzima. Mezani, chini ya chupa ya sosi ya soya, ilikuwa imewekwa ile fomu.

Haikukunjwa wala kuchanwa. Ilikuwa imenyooshwa vizuri, jina la Chizuru juu, na nafasi ya muhuri ikiwa wazi.

Chizuru aliutua mkoba sakafuni. Alishika ukingo wa sinki. Alisubiri neno, lolote lile, hata tusi. Bi Sumie aliendelea kusaga.

"Iweke kwenye friji hiyo nyama, joto hili," alisema. "Halafu niondolee figili hapo, uichane."

Akaichana. Nyuzi za figili zilitoka nene kama mbao za sakafu ya mashua. Mama mkwe akazitazama, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu juu ya ukubwa wake.

Bi Sumie alikuwa mtu wa vitendawili. Akimenya maharage anatega, akikunja nguo anatega, na anayeshindwa anampa mji. Morio alishampa miji yote ya Japani na baadhi ya China. Tangu mazishi alikuwa hajatega hata kimoja.

"Kitendawili," alisema sasa, bila kuinua macho.

Chizuru aliendelea kuchana figili.

"Kitendawili, Chizuru."

"Tega, Mama."

"Nilimpa mtu chombo chenye tundu. Miaka thelathini na moja anateka nacho, kinavuja, na kila kikivuja anajilaumu yeye."

Chizuru aliitazama fomu, akatazama kinu. Akasema ndoo. Si ndoo. Akasema sijui, Mama, nitakupa mji.

"Leo sitaki mji. Bandika maji."

Akabandika. Akatoa barafu kwenye friji, akaimimina kwenye bakuli kubwa, akaongeza maji, kama daftari lisemavyo. Bi Sumie alinyanyuka taratibu, mkono kiunoni, akalichukua bakuli lile kwa mikono miwili akalimwaga lote kwenye sinki. Barafu iligonga chuma kwa kishindo hata nyenje wa kwenye mti nje wakanyamaza kidogo.

Sasa Chizuru aliamini kabisa kwamba akili imeondoka. Alisogea karibu na jiko ili, lolote likitokea, aufikie moto kwanza.

Lakini mikono ya yule bibi haikuwa ya mtu aliyepotea. Alimimina pombe ya mchele kidogo kwenye sufuria. Aliinama, akayasikiliza maji. Vilipoanza kupanda vipovu vidogo kutoka chini, kama vya mtu anayenong'ona, alizima gesi.

"Tia sasa."

"Maji hayajachemka, Mama."

"Ndiyo."

Chizuru aliweka kipande kimoja. Kilitandaza mabawa yake, wekundu ukafifia ukawa waridi, waridi likawa rangi ya maziwa. Akaambiwa atoe. Hesabu haikuwa imefika hata kumi. Bi Sumie alisogeza chujio la mianzi lililotandikwa kitambaa.

"Laza hapo. Usikamue. Iache ipoe yenyewe."

"Na barafu?"

"Barafu haipo. Haikuwahi kuwepo."

Walivipitisha vyote, kipande baada ya kipande. Feni ilikuwa ikigeuka, ikiupeperusha ukingo wa fomu chini ya chupa. Kisha Bi Sumie alichukua kile cha kwanza, kilichokwisha poa, akakichovya kwenye ufuta, akamnyooshea Chizuru mdomoni kama mtoto.

Kilikuwa laini. Kilikuwa ndicho kile cha tarehe mbili ya mwezi wa nane. Nacho kilitoka kwenye vidole vyake yeye, Chizuru, vile vile vya kupiga ngisi.

Alielewa kabla hajameza.

"Ndilo jibu la kitendawili," alisema Bi Sumie.

Chizuru aliketi chini, pale pale sakafuni, mgongo kwenye mlango wa kabati. Kilichomjia kichwani kilikuwa cha ajabu: miaka kumi na miwili iliyopita aliona kwenye televisheni mpishi mmoja akipooza nyama juu ya chujio, bila barafu. Alimwambia Mama jioni ile. Mama alicheka akasema hao ni watu wa televisheni, wanapikia taa. Naye akaamini. Jibu lilikuwa limefika sebuleni kwake, akalizima kwa rimoti.

Bi Sumie alirudi kwenye kigoda chake, akaanza tena kusaga, na maneno yakamtoka ya kawaida, kama anayesoma orodha ya vitu vya kununua.

"Ulikuja una miaka ishirini na sita, unacheka jikoni kwangu. Morio alikuwa akikutazama wewe, sufuria haitazami. Nikasema, sahani moja tu. Nibakize sahani moja iwe yangu, zingine zote achukue. Nilijua utagundua kiangazi kile kile. Hukugundua. Kiangazi cha pili nikaona aibu. Cha tano ningeanzia wapi?"

"Mashangazi," Chizuru alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Walikuwa wanasema mkono wangu."

"Niliwasikia."

"Ulikuwa umekaa pale pale."

"Nilikuwa nimekaa pale pale, na sikuwakataza."

Nje nyenje walikuwa wamerudia kelele zao. Chizuru alikuwa na swali moja limebaki, na aliligeuza mdomoni muda mrefu, maana alishajua kwamba likitoka halirudi.

"Morio alijua?"

Bi Sumie aliacha kusaga.

"Alikulia jikoni humu," alisema. "Yeye ndiye alikuwa akinishikia hilo chujio."

Yale ya kwanza yalikuwa kofi. Hili lilikuwa sakafu kuondoka. Chizuru alianza kuhesabu bila kupenda: viangazi thelathini na moja, kila kiangazi labda mara kumi, mara kumi na tano. Kila mara Morio anatafuna. Kila mara anashukuru. Kila mara anamtazama mkewe usoni akijua kwamba kosa liko kwenye barafu, na mama yake naye yuko upande wa pili wa meza, anajua kwamba anajua.

Alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye kabati jeusi. Kwenye picha iliyowekwa humo Morio alikuwa anatabasamu lile tabasamu lake la kuomba msamaha kwa jambo ambalo hajalisema.

"Ulikuwa unatafuna," Chizuru alimwambia.

Akasimama pale. Hakulia, kulia kulikuwa mbali. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoishi ina chumba kingine, na watu wengine wawili walikuwa wakiingia humo kila siku.

Bi Sumie alikuja nyuma yake, na sahani. Alikuwa ameipanga nyama vizuri juu ya zile figili nene. Alieleza mambo yake akimwambia nusu Chizuru, nusu picha. Kwamba mwaka mpya Morio alimwambia, Mama, mwambie kabla hujafa. Yeye akajibu atamwambia kiangazi, nyama ikiwa mezani, ndipo itakuwa rahisi. Halafu aliyetangulia akawa mwingine. Na leo jioni yule mtoto anapanda farasi wa tango anakuja, na swali lake la kwanza getini linajulikana. Hangeweza kumpokea bila jibu. Mababu wengine wakigeuza nyuso kwa ajili ya nguruwe, wageuze. Atawaomba radhi yeye, hana muda mrefu kabla ya kuonana nao.

"Na hiyo karatasi," alimalizia, "niliikuta siku natafuta kikwaruzo cha tangawizi. Sikupika leo ili nikuzuie. Nimeisoma yote, muhuri wangu hautakiwi. Ila usiende kwenu Numazu ukawaambia mkono wako mzito. Kosa hilo ni langu. Liache hapa."

Akaiweka sahani mbele ya picha. Nyama ya nguruwe, ndani ya kabati la mababu, tarehe kumi na tatu. Chizuru alikuwa ameshtuka mara nyingi mno siku hiyo hata hili lilimpita kama upepo wa feni.

Mchana ule kila mmoja alifanya kazi zake. Chizuru aliosha vyombo. Alimaliza farasi wa tango, akatengeneza ng'ombe wa biringanya, yule mwenda pole wa kuwarudisha wafu. Alipotafuta kiberiti cha moto wa jioni aliiona tena fomu mezani, na duara la sosi ya soya kwenye kona. Akaikunja, akairudisha kwenye droo. Safari hii aliiweka juu ya vitambaa, si chini.

Jua lilipoingia nyuma ya milima walitoka getini wote wawili na rundo la vijiti vya katani. Barabara nzima watu walikuwa wamechuchumaa mbele ya nyumba zao, wakiwasha vimoto vya kuwaonyesha wafu njia. Bi Obata alipunga mkono kutoka kwake. Chizuru aliwasha. Katani ilishika haraka, ikatoa moshi mweupe uliopanda kuelekea ile taa ya karatasi.

"Kitendawili," alisema Chizuru.

Bi Sumie aligeuka ghafla hata akashika ardhi kwa mkono asianguke. Katika miaka yote hiyo mkaza mwana alikuwa mteguaji tu; kutega hakuwahi.

"Tega," alisema.

"Watu watatu meza moja. Wawili wanajua, mmoja anapika. Nani kashiba?"

Bibi alifikiri. Midomo ilimchezacheza. Akauangalia moto, akauangalia uso wa Chizuru ulioelekea moto, na hakuona mahali pa kushika.

"Sijui," alisema mwisho. "Nakupa mji."

"Mji gani?"

Bibi alikusanya vijiti vilivyobaki. Kisha Bi Sumie akasema pole pole, "Nakupa Numazu. Nenda, mwanangu. Nakupa kwa moyo mmoja."

Chizuru alisukuma kijiti ndani ya moto.

"Numazu nimezaliwa mimi. Huwezi kunipa changu. Nipe mwingine."

"Sina mwingine. Nimeishi huu mmoja tu."

"Basi huo."

"Kofu?"

"Kofu. Nimeupokea." Na kama desturi ya mchezo inavyotaka, akaanza kusimulia safari yake, sauti bado haina joto, ila ilikuwa sauti yake. "Nikaenda Kofu. Nikamkuta bibi mmoja ana meno ya bandia. Kila kiangazi anapikiwa reishabu ya maji ya barafu, iliyokamuliwa vizuri, mpaka itimie miaka thelathini na moja."

Bi Sumie alihesabu kwa vidole kwenye mwanga wa moto.

"Nitakuwa na miaka mia moja na kumi na tano," alisema.

"Ndiyo, Mama. Kwa hiyo tafuna polepole."